Uzi: Joto linaingia, kipimajoto hakipandi. Tujadili hali za maada na mabadiliko yake

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimefundisha kemia ya mwanzo kwa miaka kadhaa, na kila mwaka kuna somo moja ambalo wanafunzi hulipita wakidhani wamelielewa, kwa sababu maneno yake yote wameyajua tangu utotoni: maji, barafu, mvuke, kuchemka, kuganda, kuyeyuka. Ni somo la hali za maada. Ukiwauliza hali hizo ni ngapi, watakujibu tatu kabla hujamaliza swali, na watakueleza kwamba yabisi ina umbo na ujazo wake, kimiminika kina ujazo lakini hufuata umbo la chombo, na gesi hujaza chombo chote bila kujali ukubwa wake. Majibu hayo ni sahihi na yanatosha kupata alama. Lakini waulize swali hili: birika limo jikoni, maji yake yanachemka, kisha moto ukaongezwa mara mbili, je, maji yatakuwa ya moto zaidi? Wengi watasema ndiyo. Watakuwa wamekosea, na kosa lao halitokani na uvivu. Linatokana na neno moja tunalolibebesha mizigo miwili, nalo ni joto.

Tunasema "leo kuna joto" tukimaanisha kiwango ambacho kipimajoto kingekionyesha, na tunasema "moto unatoa joto" tukimaanisha nishati inayotoka penye moto kwenda kwingine. Vitabu vya sayansi vimejaribu kutuondolea utata huo kwa kutumia jotoridi, au halijoto, kwa maana ya kwanza na kuliachia neno joto maana ya pili. Lakini mwanafunzi akitoka nje ya mlango wa darasa maneno hayo mawili hurudi kuwa moja, na anaporudi darasani haoni ajabu yoyote katika jambo ambalo kwa kweli ni la ajabu sana, kwamba joto linaweza kuingia katika kitu kwa dakika nyingi bila jotoridi lake kupanda hata nukta moja.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika somo hili ni la nafthalini, ile dawa nyeupe ya kufukuzia nondo. Unaiponda, unaitia katika neli ya majaribio, unaizamisha neli hiyo ndani ya maji yaliyokaribia kuchemka hadi nafthalini yote iwe kimiminika kisicho na rangi, kisha unaitoa na kuiacha ipoe huku kipimajoto kikiwa ndani yake na mwanafunzi akisoma namba kila baada ya nusu dakika. Mwanzoni namba hushuka kwa haraka: 94, 90, 87, 84, 82. Zikifika nyuzi 80 za Selsiasi zinasimama. Nusu dakika, 80. Nusu dakika nyingine, 80. Zinakaa hapo hadi darasa zima linachoka, ndipo zinaanza kushuka tena, na wakati huo kipimajoto kimeshikwa kikakazwa ndani ya kigae cheupe kiasi kwamba ukikiinua kinainuka na neli yake.

Mwaka mmoja mwanafunzi wangu, kijana makini kabisa, aliniletea daftari lenye mchoro wa mstari ulioshuka moja kwa moja bila kituo hata kimoja. Nilipombana alikiri kwamba aliona kipimajoto chake kimekwama, akaona aibu kuandika namba ileile mara kumi na mbili, akajaza 79, 78, 77 kwa kukisia. Kumbe zile 80 alizozifuta ndizo zilizokuwa somo lenyewe.

Muda wote huo neli ilikuwa bado ya moto kuliko hewa ya chumba, kwa hiyo ilikuwa ikipoteza joto bila kukoma. Joto hilo lilitoka wapi, ikiwa jotoridi halikushuka? Ukichungulia neli utaliona jibu: vigae vyembamba vya fuwele vinaota kutoka kwenye kuta kuelekea katikati. Molekuli zilizokuwa zikiteleza huku na huku zinashikana na kujipanga, na zinaposhikana hutoa nishati, na nishati hiyo ndiyo inayofidia ile inayopotea. Jotoridi ni kipimo cha mwendo wa chembe tu, yaani ni kwa nguvu kiasi gani zinatikisika au zinakimbia kwa wastani. Kushikana na kuachana kwao ni hesabu nyingine, na kipimajoto hakiisomi.

Tupige hesabu kwa maji. Chukua gramu moja ya barafu yenye nyuzi 20 chini ya sifuri, uipe joto kwa mwendo wa jouli 10 (jouli ni kizio cha nishati) kila sekunde bila kupoteza lolote. Kuifikisha kwenye sifuri kunahitaji jouli 42 hivi, sawa na sekunde 4. Kuiyeyusha kunahitaji jouli 334, na kwa sekunde 33 zote hizo kipimajoto kinasoma 0. Kuyapandisha maji kutoka 0 hadi 100 ni jouli 418, yaani sekunde 42. Kisha kuyageuza yote kuwa mvuke kunahitaji jouli 2,257, na hapo utasubiri karibu dakika tatu na sekunde 46 huku namba ikiwa ni 100 tu. Kwa maneno mengine, karibu robo tatu ya joto lote ulilotoa limeingia katika hatua moja ambayo kipimajoto hakikuiona.

Joseph Black, mwanasayansi wa Scotland, ndiye aliyelishughulikia jambo hili kwa vipimo mwanzoni mwa miaka ya 1760 alipokuwa Chuo Kikuu cha Glasgow, na akaliita joto lililojificha. Sisi tunaliita joto fiche. Hoja yake mojawapo ilikuwa nyepesi na nzito kwa wakati mmoja: kama barafu iliyofika kiwango cha kuyeyuka ingehitaji joto kidogo tu ili yote iwe maji, basi theluji ya milimani ingeporomoka kuwa mafuriko siku ya kwanza ya jua kali. Haiporomoki hivyo. Inayeyuka kwa wiki na miezi.

Hiyo pia ndiyo sababu mvuke wa nyuzi 100 huunguza vibaya kuliko maji ya nyuzi 100. Gramu moja ya maji hayo ikipoa hadi nyuzi 37 juu ya ngozi inatoa jouli 263 hivi, ilhali gramu moja ya mvuke inatoa kwanza zile 2,257 inapogeuka maji, ndipo inaongeza 263. Ni karibu mara kumi, na kipimajoto kingekuambia vitu hivyo viwili viko sawa.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

#2 – Mchangiaji

Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa uzi huu, maana mimi ni mmoja wa waliokariri. Swali langu ni kuhusu viputo. Tulipokuwa shuleni tuliambiana kwamba maji yakichemka hidrojeni na oksijeni zinaachana, na kwamba viputo vile vikubwa vinavyopanda ni gesi hizo. Sijawahi kusikia mtu akikanusha. Je, ni kweli?

#3 – Mleta uzi

Marahaba, ndugu yangu. Si kweli, ila hauko peke yako. Ukiwauliza watu wazima kumi utashangaa ni wangapi watakupa jibu hilohilo au watakuambia ni hewa.

Kuna viputo vya aina mbili. Vile vidogo vinavyojishika kwenye kuta za chombo maji yanapoanza tu kupata moto ni vya hewa iliyokuwa imejificha ndani ya maji, kwa kuwa maji ya moto hayawezi kubeba hewa nyingi kama ya baridi. Vile vikubwa vya kuchemka kwenyewe ni vya mvuke wa maji: molekuli zilezile za maji, nzima, hidrojeni zake mbili na oksijeni yake moja, zimeachana na jirani zake tu. Kinachovunjika ni mshiko kati ya molekuli na molekuli, wala si kifungo kilicho ndani ya molekuli. Tofauti ya gharama ni kubwa: kuigawa gramu moja ya maji iwe hidrojeni na oksijeni kunahitaji takriban jouli 15,900, mara saba ya zile za kuifanya mvuke. Ushahidi wa bure ni kushika kioo cha baridi mbele ya mvuke; unapata matone ya maji papo hapo. Mchanganyiko wa hidrojeni na oksijeni usingekupa matone hayo, na penye mwali wa moto ungekupa mlipuko.

Sasa sikiliza birika kabla halijachemka. Linaunguruma na kulia, kisha likikaribia kuchemka kabisa sauti inabadilika na kuwa ya chini. Kelele ile ni ya viputo vya mvuke vinavyozaliwa chini penye moto, vinapanda kidogo, vinakutana na maji yasiyofikia kiwango, mvuke wake unarudi kuwa maji, na kiputo kinabomoka ghafla. Kiputo huishi tu pale msukumo wa mvuke ulio ndani yake unapolingana na mgandamizo unaokibana kutoka nje. Hapo ndipo penye maana halisi ya kuchemka, na ndipo tofauti yake na mvukizo wa kawaida inapoonekana. Mvukizo hutokea juu ya uso wa maji kwa jotoridi lolote, hata nguo iliyoanikwa kivulini hukauka. Kuchemka hutokea ndani ya maji yote, na kunasubiri msukumo huo utoshe.

Kwa hiyo namba 100 si tabia ya maji peke yao. Ni makubaliano kati ya maji na hewa iliyo juu yake. Kwenye kilele cha Everest, ambako mgandamizo wa hewa ni kama theluthi moja ya ule wa usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 70. Katika mitambo ya kutakasia vifaa vya upasuaji, mgandamizo huongezwa hadi takriban mara mbili ya kawaida ili maji yasichemke mpaka yafike nyuzi 121. Unaweza kuliona hili kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe: vuta maji ya uvuguvugu mkali, ya nyuzi 60 hivi, hadi robo ya bomba, toa hewa yote, ziba tundu kwa kidole, kisha vuta kishikio kwa nguvu. Maji yatachemka mbele ya macho yako, na hayajaongezewa joto lolote.

Nikiwa hapo, niseme na hili: lile wingu jeupe linalotoka kwenye mdomo wa birika si mvuke. Angalia kwa makini upenyo mdogo, wa sentimita moja au mbili, kati ya mdomo wa birika na pale weupe unapoanzia. Pale pasipoonekana kitu ndipo mvuke ulipo. Weupe ni matone madogo ya maji, kimiminika kabisa, yaliyotoneshwa na hewa baridi.

#4 – Mchangiaji

Ndugu mleta uzi, umelitendea haki neno joto, lakini mimi ninayeshughulika zaidi na lugha kuliko maabara naona umeyaruka mawili yenye hatari ileile.

La kwanza ni kuyeyuka. Tunasema barafu imeyeyuka, na tunasema chumvi imeyeyuka ndani ya maji, na wapo wanaosema hata dimbwi la barabarani "limeyeyuka" likikauka. Ni mambo matatu tofauti kabisa. La barafu ni yabisi kuwa kimiminika kwa sababu ya joto. La dimbwi ni mvukizo. La chumvi si badiliko la hali kwa maana hiyo hata kidogo, kwa kuwa chumvi ya kawaida huyeyuka kwa nyuzi 801, na hakuna bilauri ya maji iliyowahi kufika huko. Ni kwamba ioni zake, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, zimetawanywa katikati ya molekuli za maji. Kwa tukio hilo tunalo neno zuri, kumumunyika, na kinachopatikana ni mmumunyo. Nashauri walimu walishikilie.

La pili ni kuganda. Maji yakiganda, ukiyapa joto yanarudi maji. Damu ikiganda hairudi kwa joto. Saruji ikiganda ndiyo kabisa: imeungana na maji ikawa kitu kingine, na ukiichoma hupati tena ule uji uliomimina. Kitenzi ni kimoja, lakini la maji ni badiliko la kifizikia na la saruji ni la kikemia.

#5 – Mleta uzi

Mkuu, nakubali kila neno, na kipimo ulichokigusa mwishoni ndicho ninachokitumia darasani: rudisha joto ulilochukua, uone kama kitu kinarudi. Naongeza la tatu, gesi. Mtungi unaouzwa kwa jina la gesi, ukiutikisa, unausikia kabisa kimiminika kikicheza ndani. Kilichomo ni propani na butani zilizobanwa zikawa kimiminika, na zinageuka gesi pale tu zinapopata nafasi ya kutoka.

Lakini mtungi wa oksijeni wa hospitali, hata ukibanwa hadi mgandamizo wa mara 150 ya ule wa hewa, ndani yake ni gesi tupu. Kwa nini butani ikubali na oksijeni ikatae? Swali hili liliwasumbua watu kwa nusu karne. Michael Faraday aligeuza klorini kuwa kimiminika mwaka 1823, lakini oksijeni, nitrojeni na hidrojeni zilikataa kila mbano, hata zikaitwa gesi za kudumu. Jibu lilitoka Belfast mwaka 1869, Thomas Andrews alipoonyesha kwa kutumia kabonidioksidi kwamba kila gesi ina jotoridi la ukomo, ambalo juu yake hakuna mgandamizo wowote utakaoifanya kimiminika. Chembe zinakimbia mno. Ukizibana zinakaribiana, ila hazishikani. Kwa kabonidioksidi ukomo huo ni nyuzi 31. Kwa butani ni 152, kwa hiyo chumba chochote ni baridi kwake. Kwa oksijeni ni 118 chini ya sifuri, na mpaka uipoze kupita hapo, kuibana ni kujichosha. Heli ilikuwa ya mwisho kusalimu amri, mwaka 1908 huko Leiden mikononi mwa Heike Kamerlingh Onnes, na inachemka nyuzi 4.2 tu juu ya sifuri halisi, yaani jotoridi la chini kabisa linalowezekana.

Hapa pana jambo linaloturudisha kwenye nafthalini yetu. Vizimamoto vya kabonidioksidi kwa kawaida havina saa ya kuonyesha mgandamizo, tofauti na vile vya unga. Si ubahili wa watengenezaji. Ndani yake kuna kimiminika na gesi pamoja, na maadamu viwili hivyo vipo, mgandamizo unaamuliwa na jotoridi peke yake, zaidi ya mara 50 ya ule wa hewa katika chumba cha kawaida, iwe mtungi umejaa au umebaki robo. Saa ingesimama palepale kama kipimajoto cha mwanafunzi wangu, na siku ingeshuka ingekuwa kimiminika kimekwisha. Ndiyo maana vizimamoto hivyo hukaguliwa kwa kupimwa uzito.

#6 – Mchangiaji

Mwalimu, mbona umeiacha iodini? Sisi tulifundishwa kwamba iodini haina hali ya kimiminika. Ukiipasha moto inaruka kutoka yabisi hadi gesi ya zambarau. Na barafu kavu, yaani kabonidioksidi yabisi, hivyohivyo.

#7 – Mchangiaji

Naomba nimjibu ndugu wa #6 kabla ya mwalimu, kwa kuwa nimefanya kazi maabara na hili la iodini limenichosha. Iodini inayo hali ya kimiminika. Inayeyuka kwa nyuzi 114 na kuchemka kwa 184, chini ya mgandamizo wa kawaida wa hewa, na ukiipasha haraka katika neli nyembamba utakiona kimiminika cheusi kikizungukazunguka chini. Kinachowadanganya watu ni kwamba yabisi yake hutoa mvuke wa kutosha hata kabla ya kuyeyuka, na kwa kuwa mvuke huo una rangi kali, jicho linauona na kusahau kuangalia chini. Ukipasha pole pole, yabisi yote yaweza kwisha kabla haijafika 114. Lakini kuwahi kwisha si sawa na kutokuwa na kimiminika.

Barafu kavu ni kisa kingine. Hiyo, chini ya mgandamizo wa kawaida, haina namna ya kuwa kimiminika. Kila dutu ina mgandamizo wa chini kabisa ambao kimiminika chake kinaweza kuwapo, na kwa kabonidioksidi ni zaidi ya mara 5 ya mgandamizo wa hewa. Chini ya hapo, ikifika nyuzi 78.5 chini ya sifuri inaondoka kama gesi. Kwa maji kikomo hicho kiko chini mno, paskali 611 hivi, yaani chini ya sehemu moja kwa mia ya mgandamizo wa hewa, na ndiyo maana tumezoea kuona hali zake zote tatu. Penye kikomo hicho, kwa jotoridi la 0.01, barafu, maji na mvuke hukaa pamoja bila mmoja kummaliza mwenzake. Nukta hiyo ilikuwa thabiti kiasi kwamba kelvini, kizio cha jotoridi cha wanasayansi, iliwekwa juu yake kuanzia mwaka 1954 hadi 2019.

#8 – Mleta uzi

Asante sana, mkuu. Nikiri hadharani kwamba hata mimi nilifundisha hilo la iodini kimakosa kwa miaka, kwa sababu lilikuwa kwenye maandishi niliyorithi na sikuwahi kuinamia neli nikaangalia chini.

#9 – Mchangiaji

Nimejaribu jaribio la #1 kwa nta ya mshumaa kwa kuwa sikuwa na nafthalini. Mstari wangu haukusimama. Ulipunguza kasi tu ukaendelea kushuka. Nimekosea wapi? Na pili, je, hali ya nne ipo?

#10 – Mleta uzi

Hujakosea popote, umepata jibu la nta. Nafthalini safi ni dutu moja, molekuli zake zote zinafanana, kwa hiyo zote zinajipanga kwa jotoridi moja. Nta ni mchanganyiko wa molekuli za urefu mbalimbali. Ndefu zinaganda mapema na fupi zinachelewa, na matokeo yake ni mteremko badala ya kituo. Wanakemia hutumia tofauti hiyo kila siku: wakitengeneza dutu mpya, huipima kiwango chake cha kuyeyuka, na ikiyeyuka kwa kusuasua katika nyuzi kadhaa badala ya kuyeyuka kwa mara moja, wanajua bado ina uchafu.

Hali ya nne ipo, ni plazma, yaani gesi iliyopewa nishati hadi elektroni zikaachana na atomu zake; jua ni plazma, radi ni plazma, na ndani ya taa ya mrija inapowaka kuna plazma. Zipo na nyingine za ajabu zaidi, kama ile iliyopatikana mwaka 1995 kwa atomu za rubidi zilizopozwa hadi chini ya sehemu moja kwa milioni ya nyuzi juu ya sifuri halisi. Binafsi naona swali la "ziko ngapi" ndilo lisilo na faida kubwa kwa anayeanza. Ni afadhali ajue kwa uhakika kinachotokea barafu moja inapoyeyuka.

#11 – Mchangiaji

Mwalimu, mimi nimepima maji. Nimechemsha, nikakoroga, nikahakikisha kipimajoto hakigusi chini ya chombo. Kimesimama kweli, dakika sita nzima, ila kimesimama kwenye 97. Nilishawishika kuandika 100. Je, kipimajoto ni kibovu?

#12 – Mleta uzi

Andika 97. Kisha ponda barafu, itie maji kidogo, koroga vizuri, uzamishe kipimajoto humo kwa dakika mbili. Kiwango cha kuyeyuka kwa barafu hakitikiswi na mwinuko kwa kiasi unachoweza kukisoma, kwa hiyo kikisoma 0 unaweza kukiamini upande huo, na mashaka yatahamia kwenye hewa iliyo juu ya chombo chako. Kiwango cha kuchemka hushuka takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Ukija na jibu la barafu, njoo pia na mwinuko wa mahali ulipo.

#13 – Mchangiaji

Kwenye barafu kimesoma 0. Ramani inaonyesha mita 910.